Geti la Orrin Dahl

Shemeji yangu Lyle Haskett ni mtu wa kuudhi. Nasema hivyo nikimpenda, maana alimwoa dada yangu Colleen, akamuuguza mpaka mwisho bila kulalamika, na tangu tulipomzika anakunywa kahawa ya asubuhi kwenye mgahawa wangu hapa Tolliver. Lakini kuudhi, anaudhi. Akiingia anavua kofia. Akitoka anaigusa kwa kila mwanamke aliyeketi, hata akiwa kitoto kinacholamba asali mezani. Msafara wa maziko ukipita barabarani, anasimamisha mashine yake ya kazi, anashuka, anasimama na kofia kifuani mpaka gari la mwisho lipotee, hata kama marehemu hamjui. Ukimuuliza fulani na mkewe wameachana kwa nini, atakujibu, "Hayo ni yao." Mimi naendesha mgahawa. Bila hayo ya watu nitauza nini, mayai matupu?

Ujana wake wote alikuwa kauboi wa kuajiriwa. Alizunguka ranchi za Wyoming na tandiko lake begani mpaka siku farasi alipomwangukia na kuliharibu goti. Hapo Colleen akamwambia achague, ng'ombe wa watu au yeye. Akachagua vizuri. Sasa anaendesha greda ya kaunti. Wakati wa baridi anasukuma theluji, na wakati mwingine anasawazisha barabara ya changarawe ya bondeni, kutoka hapa mjini hadi daraja la juu na kurudi. Tabia hazikubadilika, kilichobadilika ni farasi tu. Jioni anaifuta greda na kuifunika turubai kabla yeye mwenyewe hajatia kitu tumboni, kwa sababu alifundishwa kwamba mnyama anahudumiwa kwanza, mtu baadaye.

"Shemeji, lile ni chuma," nilimwambia siku moja.

"Ndiyo. Lakini asubuhi linanikumbuka."

Katika sheria zote za makauboi, mama yao ni ile ya geti. Geti ukilikuta limefungwa, ukishapita unalifunga. Ukilikuta wazi, unaliacha wazi. Huulizi wala hujifanyi mwenye busara, maana mwenye ng'ombe ana sababu zake. Pengine ameliacha ili wanyama wafike kwenye maji, na wewe kwa huruma yako ukilifunga unawaua kwa kiu. Watoto wetu wanalijua hilo kabla ya kujua kufunga viatu. Mgeni akikosea, atasemwa mpaka azeeke, na mimi ni mmojawapo wa wasemaji.

Jirani aliyejua sheria hizo kuliko Lyle ni Orrin Dahl. Anakaa peke yake katikati ya bonde, hajaoa, na ana ng'ombe wengi. Wangapi hasa sijui, kwa sababu huku kwetu kumuuliza mtu idadi ya ng'ombe wake ni sawa na kumuuliza ana kiasi gani benki. Yeye na Lyle walipanda farasi pamoja tangu ndevu hazijaota. Colleen alikuwa akisema aliolewa na wanaume wawili, mmoja wa kumpikia na mmoja wa kumfukuza jioni aende kwao.

Kisha wakakosana, na mimi nilikuwepo.

Ilikuwa siku ya kupiga chapa ndama wa Orrin. Siku kama hiyo majirani wote tunakwenda, na kesho inakuwa zamu ya mwingine. Wengine wanawakamata ndama chini, wengine wanashika chapa ya moto, wengine sindano za chanjo, na akina mimi tunapika maharage. Lakini kazi ya heshima ni ya wale walio juu ya farasi, wanaorusha kamba na kuwanasa ndama miguu ya nyuma. Kazi hiyo haiombwi. Mwenye ng'ombe ndiye anayesema nani apande, na asipokutaja unashika sindano na kufunga mdomo.

Kwake Orrin alirusha mwenyewe siku zote. Mwaka ule mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka. Alirusha, akakosa. Akarusha tena, kamba ikaangukia vumbini. Ndama wakamzunguka wakilia, na vijana wakaanza kuzitazama buti zao. Lyle alikuwa juu ya farasi mwingine wa Orrin. Huruma ikamshika. Akasogea, akanyoosha mkono, akaitwaa kamba mkononi mwa rafiki yake.

"Lete, nikumalizie."

Mbele ya bonde zima. Nilikuwa na sahani mkononi nikatamani niiangushe ili watu watazame upande wangu.

"Nani amekuomba?" Orrin akauliza.

"Orrin, nilitaka tu..."

"Nimeuliza, nani amekuomba? Shuka kwenye farasi wangu. Toka. Na usikanyage tena ardhi yangu."

Lyle akashuka. Akaikunja ile kamba polepole, akaitundika kwenye uzio. "Nimekusikia," akasema. "Sitakanyaga. Nakuahidi."

Ahadi ni deni, sawa. Lakini kuna watu wanaahidi kama wanavyopiga misumari, na kung'oa hawajui. Kuanzia siku hiyo Orrin akija mgahawani anakaa dirishani, Lyle anakaa kaunta, kila mmoja ananisalimia mimi. Mwaka ukakatika hivyo. Nilichoka, na nilimwambia Lyle waziwazi.

"Nenda ukamwombe radhi."

"Nitaendaje bila kukanyaga?"

"Mpigie simu."

"Jambo kama hili halisemwi kwenye simu, Nadine."

"Basi mwambie hapahapa, akiwa anakula."

"Nani anamwomba radhi mtu anayekula?"

Nikamwacha. Ukimsukuma punda asiyetaka, unachoka wewe.

Ikafika mwezi wa tatu, wakati ng'ombe wanazaa, matope mchana na barafu alfajiri. Siku moja Lyle akaingia mchana, na mchana si wakati wake. Nikamwekea kahawa. Akaanza kuikoroga. Lyle hatii sukari kwenye kahawa, kwa hiyo alikuwa anakoroga nini, sijui.

"Geti la Orrin liko wazi," akasema.

"Basi?"

"Hajawahi kuliacha wazi."

"Labda anaingiza nyasi kavu."

"Labda."

"Ulilifunga?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama aliiba. "Nililikuta wazi, Nadine."

Marva, anayepeleka barua za bondeni, alikuwa anakula pembeni. "Hata mimi nimeliona," akasema. "Nimetia barua zake kwenye kisanduku pale barabarani, nikapita."

"Hukuingia kumwangalia?" nikauliza.

"Niingie kwa sababu gani? Ana mambo yake. Orrin akitaka mtu ataita."

Nilipiga simu nyumbani kwake. Ikaita mpaka ikakatika. Tukaambizana kwamba wakati wa kuzaa ng'ombe hakuna anayekaa ndani kungoja simu, na huko bondeni simu za mkononi hazishiki. Kila mmoja akamtuliza mwenzake, tukaendelea kula. Ndivyo tulivyo. Tungekufa kwa kuheshimiana.

Usiku huo theluji ikaanguka. Yaliyofuata asubuhi nimeyapata kwa Lyle mwenyewe, kidogo kidogo, kwa pai nyingi.

Alipofika kwa Orrin geti lilikuwa bado wazi. Theluji mpya ilikuwa imelala pale kwenye nafasi ya geti, ikiwa na alama za kwato tu, bila ya tairi wala ya buti. Ng'ombe walikuwa wamesimama kwenye uzio wa ndani wakilia kwa njaa, na baadhi wameshatoka na kusimama katikati ya barabara. Orrin anaweza kukosa kula, anaweza kukosa kunyoa, lakini ng'ombe wake hawajawahi kulia njaa jua likiwa limechomoza.

Lyle akasimamisha greda mbele ya geti, akakaa.

Aliniambia aliogopa. Sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake, hata wakati wa Colleen. Aliogopa kumkuta Orrin amekufa. Lakini aliogopa pia, na hili alilisema akiitazama sakafu yangu, kumkuta ni mzima, yuko jikoni, ananyanyua macho na kusema, nilijua ahadi yako haina maana. Mara ya mwisho alipompa mtu huyu msaada asioombwa, alimpoteza. Na hapa tena hakuna aliyeomba.

"Si ungeingia na greda," nilimwambia. "Magurudumu si miguu. Ungekuwa hujakanyaga."

"Nililifikiria hilo," akasema. "Ungekuwa ujanja. Ahadi ukiivunja, ivunje umesimama, uone unachokifanya."

Basi akazima mashine, akashuka na lile goti lake bovu, akapita getini kwa miguu, akakanyaga ardhi ya Orrin Dahl.

Nyumbani jiko lilikuwa la baridi. Akaita, kimya. Pikapu ilikuwa imesimama uani, imejaa nyasi kavu zisizoshushwa, zimefunikwa na theluji. Akaita tena. Sauti ikatoka kwenye banda la kuzalishia, nyembamba, ya kukwaruza.

"Nani?"

"Lyle."

"Umechelewa."

Orrin alikuwa amelala juu ya majani makavu, amejifunika magunia, na ndama mchanga amelala ubavuni mwake. Mtamba, mama wa yule ndama, alikuwa amewasimamia wote wawili kama wote ni wake. Paja la Orrin lilikuwa limevunjika. Alikuwa amerudi na nyasi, akafungua geti, akaingiza gari, na kabla hajarudi kulifunga akamsikia mtamba analia kwa uchungu wa uzazi. Akakimbilia bandani. Akamvuta ndama, akatoka mzima, na mtamba kwa wazimu wa uzazi wa kwanza akageuka akambamiza mzalishaji kwenye nguzo. Tangu hapo alikuwa pale, akinywa kwenye ndoo ya ng'ombe, akipashwa joto na ndama.

Lyle akavua koti akamfunika. Hapo ndipo mazungumzo yakaanza, na haya wameyathibitisha wote wawili.

"Jana ulipita," Orrin akasema.

"Nilipita."

"Niliisikia mashine. Nikasema, huyo ni Lyle, ataliona geti."

"Nililiona."

"Ikawaje?"

"Nikaliacha kama nilivyolikuta."

Orrin akatazama paa. "Na Marva?"

"Naye pia."

"Mungu wangu! Mimi nimelala hapa nakata roho, na bonde zima linanipita kwa adabu!" Akaanza kucheka, na kucheka kukamuumiza mguu, akaanza kutukana. "Usinichekeshe, mjinga wewe!"

"Sijasema kitu."

"Hiyo sura yako inatosha."

Lyle alikuwa amepiga goti lake zima pale majanini. "Orrin, nimevunja ahadi. Nilisema sitakanyaga hapa."

"Lyle."

"Naam."

"Nina mguu umevunjika na mke wangu ni ndama. Habari ya ahadi zako tutaizungumza nikishapona." Halafu akafumba macho, na akasema neno ambalo hakuna mtu wa bonde hili aliyewahi kulisikia kwake, si wakati wa mafuriko, si wakati wa ukame. "Nisaidie."

Lyle na goti lake walikimbia. Alipiga simu kutoka jikoni kwa Orrin, na gari la wagonjwa lilipotoka mjini lilikuta greda imeshatangulia kulifagilia njia, kutoka barabara kuu mpaka mlango wa banda. Walipomchukua, Lyle akabaki. Akawarudisha ng'ombe waliotoka, akawalisha wote, akamwangalia ndama kama ananyonya. Ndipo akaja kwangu.

Aliingia na kofia kichwani. Hapo nikajua kuna jambo zito kabla hajafungua kinywa.

"Yu hai," akasema. "Wamesema atapona."

Nilikaa kwenye kiti cha mteja nikalia mbele za watu, sikujali. Marva alilia kuliko mimi. Mzigo uliokuwa umetukaa kifuani mwaka mzima ulishuka siku ile, nikajikuta nakata pai na kumgawia kila mtu, hata dereva wa lori la mafuta aliyekuwa anapita tu na hakumjua Orrin wala mguu wake. Lyle ndipo akakumbuka kofia, akaivua, akaomba radhi kwa wanawake wote waliokuwepo.

Nilimpeleka Lyle hospitali mwenyewe, maana niliona akiachwa angesimama kwenye maegesho mpaka jioni. Alivaa shati jeupe la maziko. Mlangoni akasimama, kofia mkononi.

"Nimekuja kwa ile ahadi," akasema. "Ulisema tutazungumza."

Orrin alikuwa kitandani, mguu umeinuliwa, amenyolewa na wauguzi, uso wake kama wa mtu mwingine. "Kwanza nijibu. Geti uliliachaje?"

"Nimelifunga."

"Ulilikuta vipi?"

"Wazi."

"Basi ni makosa mawili, ahadi na geti, siku moja. Unazeeka vibaya, Lyle."

Nikacheka. Wao hawakucheka. Orrin aliitazama mikono yake juu ya shuka, ikitetemeka, na hakuificha.

"Siku ile," akasema, "ungeninong'oneza."

"Nini?"

"Ungesogeza farasi karibu ukaninong'oneza sikioni. Ningekupa kamba mwenyewe, kwa mkono wangu, watu wakaona nimekupa."

"Sikulifikiria hilo," Lyle akasema. "Nilikuona unahangaika nikaumia. Nisamehe, Orrin."

"Nilishakusamehe. Nilikuwa nangoja uje, na wewe ukaamua kuwa mtu wa ahadi." Akavuta pumzi. "Mwezi wa tano utanasa ndama wangu. Kamba yangu iko ukutani jikoni. Tumia hiyo. Ya kwako ni ngumu kama waya."

Huku kwetu mtu hakupi kamba yake. Anaweza kukukopesha gari, hata nyumba. Lyle aligeuka akawa anatazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu ila maegesho, na nikamwona anajipangusa macho kwa ukingo wa kofia. Mimi nikatoka kwenda kutafuta kahawa ambayo sikuitaka.

Mwezi wa tano alinasa ndama wote. Orrin alikaa kwenye kiti karibu na uzio, magongo mapajani, akimfokea kila mara aliporusha, na kila aliponasa alinyamaza na kuangalia kando ili asionekane amefurahi.

Lakini ninachotaka kukisimulia ni cha baadaye, katikati ya kiangazi, ng'ombe wakiwa wote wamepandishwa malishoni milimani. Nilikuwa nimempelekea Orrin pai, tumekaa barazani. Tukaisikia greda inakuja, inavuma taratibu, kisha ghafla ikanguruma. Ikaingia getini bila kupunguza mwendo, ikaja moja kwa moja mpaka kwenye ngazi, vumbi likajaa kwenye pai yangu. Lyle akaruka chini. Uso ulikuwa umepauka kwa hofu.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu," Orrin akasema.

"Geti liko wazi!"

"Najua. Nimelifungua mimi."

"Kwa nini?"

Orrin akasukuma kikombe kilichokuwa kinangoja mezani. Mimi nilidhani ni changu. "Kahawa inapoa," akasema.

Lyle alitutazama mmoja mmoja, akashusha pumzi ndefu, akavua kofia, akaketi. Alikunywa bila kukoroga. Hawakuzungumza lolote la maana, hali ya hewa na bei ya nyasi, mpaka kikombe kikaisha na akasimama kurudi kazini. Akaigusa kofia kwangu. Akafika kwenye ngazi, akageuka, maana yeye ni yeye.

"Orrin. Nikitoka, nilifunge?"

"Liache kama ulivyolikuta," Orrin akamjibu.